Tamko kuhusu mishipa ya damu ya watu wanaoishi na baridi yabisi



Sisi tunaoishi na baridi yabisi, pamoja na jamaa wanaotuuguza na watabibu waliojiunga nasi katika chama chetu, tunatoa tamko hili hapa Dar es Salaam kwa sababu moja. Ugonjwa unaotuvimbisha vidole na magoti unaharibu pia mishipa yetu ya damu. Unaanza kuiharibu mapema, mara nyingi kabla kidole hakijapinda, na huduma tunayopewa bado haijaugusa upande huo. Mgonjwa anatazamwa vidole, anaandikiwa dawa ya maumivu, anarudi nyumbani. Miaka inapita, anaanguka kwa kiharusi au mshtuko wa moyo, na msibani watu wanasema marehemu alikuwa na presha. Baridi yabisi haitajwi, wala haikutajwa na yeyote alipokuwa hai na mishipa yake ingeweza kuokolewa.

Ieleweke tunazungumzia nini. Maumivu ya magoti yanayokuja na uzee au uzito ni jambo jingine. Tunazungumzia baridi yabisi inayotokana na kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe: asubuhi mikono imekaza, haiwezi kukunja ngumi kwa saa nzima au zaidi, viungo vidogo vya mkono wa kulia na wa kushoto vinavimba pamoja na kutoa joto, uchovu hauishi hata baada ya kulala. Huwapata wanawake mara mbili au tatu zaidi ya wanaume, na kwa wengi huanza kati ya miaka 30 na 60, umri wa kulea, kulima, kufundisha na kufanya biashara. Wenzetu wenye jongo, na wale ambao viungo vyao huvimba pamoja na ugonjwa wa ngozi wa soriasisi, nao wako katika hatari kama yetu, na wajihesabu katika maneno haya.

Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba ugonjwa huu ni nadra kwa Waafrika. Kauli hiyo ilitugharimu, kwa sababu ugonjwa unaodhaniwa haupo hautafutwi. Leo watafiti wa Moshi, mkoani Kilimanjaro, wameshirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Glasgow kuchunguza ukubwa wake na gharama zake kwa kaya za Tanzania. Na huko Johannesburg, watafiti wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand walipima mishipa ya shingo ya wagonjwa wa baridi yabisi, weusi na weupe, wakakuta mzigo wa utando wa mafuta katika mishipa hiyo haukupishana baina yao. Wakaona pia kwamba kwa wagonjwa weusi vile vihatarishi vya kawaida, ambavyo kila daktari amefundishwa kuvitazama, havikuonyesha vizuri nani ameathirika. Tunawaomba madaktari wetu walitafakari hilo la pili. Mgonjwa anaweza kuonekana hana shida kwenye fomu ilhali mshipa wa shingo yake unasema vingine.

Sasa tueleze ugonjwa unavyofika kwenye mishipa, kwa maana tumegundua kwamba wanachama wetu wengi hawajawahi kuelezwa.

Kila mshipa wa damu umetandikwa ndani kwa safu moja nyembamba ya chembe hai. Zamani ilidhaniwa safu hiyo ni kifuniko tu. Mwaka 1980 mwanasayansi wa Marekani, Robert Furchgott, alionyesha kwamba bila safu hiyo mshipa unashindwa kulegea unapoambiwa ulegee. Baadaye ikajulikana kwamba safu hiyo hutoa gesi ya oksidi ya nitriki, ambayo huutanua mshipa, huzuia damu kuganda ovyo na huzuia chembe nyeupe zisijigandishe ukutani. Furchgott na wenzake wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa kazi hiyo. Kwa hiyo afya ya mishipa huanzia kwenye safu hii, na huko ndiko baridi yabisi inakopiga kwanza.

Kiungo kilichovimba hakikai na uvimbe wake peke yake. Kemikali zinazochochea uvimbe, zikiwamo zile ambazo madaktari huziita TNF na intalukini 6, huingia kwenye damu na kuzunguka mwili mzima saa 24. Safu ya ndani ya mishipa inalowa humo mchana na usiku. Inapunguza ile gesi ya kulegeza, inaanza kunasa chembe nyeupe, na lehemu inapata mwanya wa kupenya ukutani. Ukuta unakakamaa kama mpira wa baiskeli uliosahaulika juani, na moyo unalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Utando wa mafuta unaojengeka katika hali hiyo huwa dhaifu na hupasuka kwa urahisi hata ukiwa mdogo. Ukipasuka, damu huganda papo hapo: kwenye moyo ni mshtuko, kwenye ubongo ni kiharusi.

Haya hayasubiri miaka ishirini. Watafiti wa Italia walipima wagonjwa vijana na wa umri wa kati ambao ugonjwa wao ulikuwa umetulia na ambao hawakuwa na presha, sukari wala kihatarishi kingine kinachojulikana. Hata hao mishipa yao ilishindwa kutanuka kama ya watu wazima wa afya. Katika Kliniki ya Mayo, Rochester, Minnesota, utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulirudi nyuma kwenye kumbukumbu za wagonjwa. Ukakuta kwamba katika miaka miwili kabla baridi yabisi haijatimiza vigezo vya kutambuliwa, watu hao walikuwa wamelazwa kwa mshtuko wa moyo zaidi ya mara tatu kuliko wenzao. Kabla ya kutambuliwa! Wakati mtu bado anajichua mikono akidhani ni uchovu wa kufua, tayari moyo wake ulikuwa hatarini.

Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya wauguzi wanawake zaidi ya laki moja wa Marekani waliofuatiliwa kwa miaka mingi. Wenye baridi yabisi walipata mshtuko wa moyo mara mbili ya wenzao, na walioishi na ugonjwa kwa miaka kumi au zaidi mara tatu. Mwaka 2008 tafiti 24 zilizojumuisha wagonjwa zaidi ya 111,000 ziliunganishwa, zikaonyesha kwamba vifo vya magonjwa ya moyo na mishipa kwa watu wetu viko juu kwa asilimia 50. Watafiti wa Uholanzi walipolinganisha, waliona hatari yetu inakaribiana na ya mgonjwa wa kisukari cha aina ya pili. Mwenye kisukari akifika kliniki anapimwa presha, anaulizwa kuhusu figo na macho, anafundishwa kutunza miguu. Tunafurahi kwamba anapata hayo. Tunauliza sisi tumekosea wapi.

Hatusemi kwamba kila mwenye baridi yabisi atapata mshtuko wa moyo. Dada wa miaka 30 aliyegunduliwa mwezi huu bado hatari yake kwa mwaka mmoja ni ndogo, na hatutaki alale na hofu. Tunachosema ni kwamba miaka yake ya mbele inaamuliwa sasa.

Zipo sababu tatu zinazofanya maradhi haya ya mishipa yapite bila kuonekana kwetu, na tunataka kila mhudumu wa afya azijue.

Ya kwanza ni maumivu yenyewe. Mtu ambaye bega la kushoto linamuuma miaka nenda rudi hatashtuka likimuuma zaidi usiku mmoja. Mtu asiyeweza kupanda ngazi kwa sababu ya magoti hatajua kama pumzi yake ingekata ghorofa ya pili. Utafiti ule wa Mayo uliona kwamba wagonjwa wa baridi yabisi hulalamikia maumivu ya kifua mara chache kuliko wengine, ilhali wamepata zaidi mshtuko wa moyo wa kimyakimya, ule unaogunduliwa baadaye kwenye kipimo cha umeme wa moyo. Mama anayesema amechoka kuliko siku zote, anatoka jasho baridi, taya linamvuta na tumbo la juu linamsumbua, asirudishwe nyumbani na vidonge vya viungo. Apimwe moyo.

Ya pili ni lehemu inayodanganya. Uvimbe unapokuwa mkali, lehemu kwenye damu hushuka. Mgonjwa anapewa karatasi ya maabara yenye namba nzuri, kila mtu anafurahi, kumbe namba ni nzuri kwa sababu ugonjwa umechachamaa. Ugonjwa ukitulizwa lehemu hupanda kidogo, na wengine hufikia kuilaumu dawa na kuiacha. Kipimo hiki kifanywe, au kirudiwe, wakati ugonjwa umetulia.

Ya tatu ni chati. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa chati mpya za kukadiria hatari ya moyo na mishipa kwa kanda 21 za dunia, Afrika Mashariki ikiwamo. Ni kazi nzuri, na uzuri wake zaidi ni kwamba zipo zisizohitaji maabara: umri, jinsia, uvutaji, presha, uzito kwa urefu, basi. Lakini zinaanzia umri wa miaka 40, na baridi yabisi haimo. Mwanachama wetu wa miaka 34 hana mstari wake kabisa. Mwenye miaka 52 anaonekana kama vile viungo vyake ni vizima. Muungano wa vyama vya tiba ya baridi yabisi barani Ulaya, EULAR, unashauri kwamba pale chati isipouhesabu ugonjwa huu, jibu lizidishwe kwa 1.5. Hesabu hiyo inaweza kufanyika kwenye zahanati yoyote kwa kalamu. Chati ikisema watu 8 kati ya 100 kama huyu watapata mshtuko wa moyo au kiharusi ndani ya miaka kumi, kwa mwenye baridi yabisi iandikwe 12. Mgonjwa anatoka kundi la chini ya 10 anaingia kundi la juu yake, na mpango wake wa matibabu unabadilika.

Kuna habari njema, na tunaisema kwa sauti ile ile. Mishipa iliyoanza kudhoofika inaweza kupata nafuu. Mwaka 2002 watafiti wa Zurich waliwapa kundi dogo la wagonjwa dawa ya kuzuia TNF, wakaona baada ya wiki 12 mishipa yao inatanuka vizuri zaidi. Na methotreksati, dawa ya zamani na ya bei nafuu ambayo ndiyo mhimili wa tiba yetu, imehusishwa katika tafiti nyingi na kupungua kwa matukio ya moyo kwa wagonjwa wa baridi yabisi. Walipopewa wagonjwa wa moyo wasio na baridi yabisi, katika jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2019, haikuwasaidia. Kwetu sisi tunalisoma jambo hilo hivi: kinachoulinda moyo ni kuuzima ule uvimbe wenyewe. Kwa hiyo kuchelewesha tiba ya viungo ni kuchelewesha tiba ya moyo, na dawa inapokosekana dirishani kwa miezi miwili, hasara yake haiishii kwenye vidole.

Hapa hatuwezi kukwepa suala la dawa za maumivu. Katika mitaa yetu diklofenaki inanunuliwa kama pipi, na sindano yake inaombwa kwa jina. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya iliamua kwamba diklofenaki, hasa kwa dozi kubwa na kwa muda mrefu, ina hatari kwa moyo na mishipa, na haifai kwa mtu mwenye ugonjwa wa moyo au aliyewahi kupata kiharusi. Dawa za kundi hili hupandisha presha na huumiza figo, na ibuprofeni inaweza kuizuia aspirini ya moyo isifanye kazi yake. Hatuwakatazi wagonjwa kutuliza maumivu, maana tunayajua maumivu hayo. Tunasema zisitumike mwaka mzima mahali pa tiba halisi, na anayezitumia apimwe presha na figo.

Dawa za steroidi, yaani predinisoloni na deksamethasoni, zina ladha tamu ya siku za mwanzo: uvimbe unaondoka, mtu anacheza ngoma. Zikiendelea huleta presha, sukari, mafuta na mifupa dhaifu. Daktari akiziandika, ziwe dozi ndogo iwezekanavyo kwa muda mfupi iwezekanavyo, huku dawa ya msingi ikianza kufanya kazi. Mgonjwa ambaye amezitumia kwa wiki nyingi asiziache ghafla kwa kusikia tamko hili, kwani kuziacha ghafla ni hatari. Aende kwa daktari apunguziwe taratibu. Na dawa za chupa zinazouzwa stendi na minadani kwa ahadi ya kuponya viungo vyote, ziogopwe. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo juu ya virutubisho vya viungo vilivyokutwa na diklofenaki na deksamethasoni ambazo hazikuandikwa kwenye lebo. Tunaiomba mamlaka yetu ya dawa, TMDA, ipime kinachouzwa hapa.

Kwa msingi huo, tunaiomba Wizara ya Afya iingize baridi yabisi katika mwongozo wa taifa wa matibabu kama kihatarishi cha moyo na mishipa kinachojitegemea, pamoja na ile hesabu ya 1.5. Mgonjwa anapogunduliwa, siku hiyo hiyo apimwe presha, sukari, uzito na lehemu, na aulizwe kuhusu tumbaku. EULAR inataka tathmini nzima ifanywe angalau kila miaka mitano. Kwa presha sisi tunaona muda huo ni mrefu mno, na tunataka ipimwe kila mgonjwa wa viungo anapokanyaga kliniki. Mashine iko pale pale, na kipimo hakichukui hata dakika tano. Methotreksati na asidi ya foliki zisikosekane hospitali za mikoa. Dawa za kuzuia TNF zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2019, na tunaomba uandaliwe mpango wa kuzifikisha kwa wale ambao vidonge vimewashinda.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Tunawaomba wanaoandaa kitita cha mafao wasimtenganishe mgonjwa vipande viwili, viungo upande huu na moyo upande ule, kila kimoja na rufaa yake na nauli yake. Mtu wa Songea au Kigoma mwenye vidole visivyoshika kamba ya daladala hawezi kuzunguka hivyo.

Kwa madaktari wa moyo, hususan ndugu zetu wa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, tuna ombi dogo: mwulizeni kila mgonjwa kuhusu viungo vyake, na mtazameni mikono. Siku ya Moyo Duniani ni tarehe 29 Septemba. Siku ya Baridi Yabisi Duniani ni tarehe 12 Oktoba. Siku 13 tu zinazitenga, lakini kila mwaka wanaohutubia ile ya kwanza hawaitaji ya pili. Tunaomba tukae meza moja.

Na kwenu wagonjwa wenzetu. Ukienda kliniki, omba presha yako ipimwe na uandikiwe namba. Sigara na ugoro viachwe. Sigara inaukoleza ugonjwa wa viungo na inaua mishipa kwa pamoja. Chumvi ipungue mezani. Tembea, nyoosha mwili, ogelea ukiweza, kwani mazoezi ya wastani hayavunji viungo vilivyotulizwa, na mishipa inayahitaji. Methotreksati ya baridi yabisi ni mara moja kwa wiki, siku moja uliyoichagua; kuimeza kila siku kumeua watu. Mama aliye katika umri wa kuzaa azungumze na daktari kabla ya kushika mimba, maana dawa hiyo hudhuru mtoto tumboni. Na kifua kikibana, au upande mmoja wa mwili ukilegea, au mdomo ukipinda, usisubiri kupambazuke.

Chama chetu kinaanza na kilicho ndani ya uwezo wake. Kila mkutano wa wanachama, mjini na wilayani, utakuwa na mashine ya presha na mtu aliyefundishwa kuitumia. Kila mwanachama atapewa daftari la kuandika presha, uzito, dawa anazotumia na siku alizokosa dawa. Madaftari hayo, kwa ridhaa ya wenyewe na bila majina, tutayawasilisha wizarani kila mwaka.

Imetolewa Dar es Salaam na Kamati Tendaji, kwa niaba ya wanachama.